Vidole Vinne Katika Jiwe

Kosa langu lilichukua chini ya dakika moja hewani, nalo likasimamisha kazi ya kisima kwa siku kumi na tatu. Nalisimulia kwa utaratibu, kama nilivyozoea kazini, kwa sababu watu walionirekebisha walifanya hivyo kwa upole ambao sikuustahili, na sijapata njia nyingine ya kuwashukuru.

Ninafanya kazi ya redio mjini Garissa. Alasiri moja, nikisubiri kusoma habari za saa kumi, simu yangu ilipokea picha kutoka kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye kwa desturi yetu Wasomali humwita abti. Abti anaishi mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Elwak, pamoja na familia ishirini hivi za wafugaji. Kwa wiki nne yeye na wanaume wengine wanne walikuwa wakichimba kisima kwa sululu na mitaimbo. Picha ilionyesha bamba la jiwe la kijivu chini ya shimo lao. Juu ya bamba kulikuwa na mabonyeo matano ya mviringo yaliyofuatana, kila moja pana kama sahani, na mbele ya kila moja mashimo mawili yaliyokaa kama vidole.

Chini ya picha kulikuwa na sauti yake: "Tumekuta hiki. Wazee wanasema ni ngamia. Wewe mtu wa habari, unaonaje?"

Nilikuwa na dakika nne kabla ya kuingia hewani. Niliitazama picha kwenye kioo kidogo cha simu na nikaona ngamia, kwa sababu nimelelewa na watu ambao wakiona wingu wanalifananisha na ngamia, na wakimsifu bibi harusi wanamfananisha na ngamia vilevile. Nilikumbuka pia hadithi ya utotoni, ya walii aliyepita nchi ile zamani na msafara wake, na kila ngamia wake alipopiga magoti pakapatikana maji. Nikaandika sentensi tatu na kuzisoma mwishoni mwa taarifa. Nilisema nyayo za ngamia wa kale zimepatikana ndani ya jiwe karibu na Elwak, na kwamba wazee wanaamini huenda ni za msafara wa yule walii. Hiyo sehemu ya walii niliwatwika wazee. Ya ngamia niliisema mwenyewe, kama jambo lililothibitishwa.

Siku tatu baadaye abti alinipigia.

"Umeketi?" akauliza.

"Nimeketi, abti."

"Vizuri. Redio yako imenisaidia sana. Sasa nina wageni wengi kuliko mbuzi."

Watu walikuwa wamekuja kutoka Elwak, kutoka Wajir, na lori moja lilitoka mbali kabisa, upande wa Diff. Walipanga mawe kuzunguka shimo. Walifunga vitambaa kwenye boma la miiba lililolizingira. Mbuzi wawili walichinjwa na dua ikasomwa. Wachimbaji wake wanne waliweka sululu chini, kwa maana hakuna aliyekuwa tayari kuwa mtu wa kwanza kupiga chuma kwenye unyayo wa ngamia wa walii. Na bamba lile lilikuwa katikati kabisa ya shimo.

Hakunilaumu. Alinieleza tu hesabu ya msimu. Jilaal, kile kiangazi kirefu cha mwanzo wa mwaka, kilikuwa kimebakiza wiki tano kianze. Maji yasipopatikana kabla yake, familia zote zingelazimika kuhamia kandokando ya mji kusubiri maji ya lori. Tena kwa desturi ya pale, kisima ni cha ukoo uliokichimba mpaka majini, ila shimo kavu ni shimo tu. Likiachwa msimu mzima, yeyote anaweza kuja kulimalizia na kuliita lake. Abti ana umri wa miaka sitini na zaidi. Nilijua hatakuwa na nguvu ya kuanza lingine.

Niliomba likizo ya wiki moja, nikapanda basi la Mandera.

Nilipofika, abti alinipa maziwa kwanza, halafu akanipeleka shimoni. Mdomo wake ulikuwa na upana wa hatua nne, na kina kilifika kifuani mwa mtu mzima. Walikuwa wameondoa udongo mwekundu, kisha tabaka jembamba la jiwe jeupe la chokaa, ndipo wakafika kwenye bamba la kijivu. Kando ya shimo alisimama mwalimu wa duksi, yaani chuo cha Kurani cha pale, kijana mwembamba mwenye ndevu chache. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni na kuhakikisha hawasukumani.

"Mimi sisemi ni unyayo wa walii," aliniambia, "wala sisemi si wake. Nasema redio imesema."

"Redio ni mimi."

"Basi sema tena."

"Nikisema sina hakika, watanisikiliza?"

Akafikiri. "Hapana. Watasema umetishwa na serikali."

Aliyesikia hayo ni shangazi yangu, dada wa baba, ambaye namwita eddo. Ameolewa kwenye makazi hayohayo, anauza maziwa ya ngamia, na katika usichana wake alifuata ngamia waliopotea kwa siku nyingi jangwani akiwa na kibuyu kimoja cha maji. Ana ulimi mkali. Alikuwa amekaa nje ya boma akifunga kamba kwenye chombo cha maziwa, wala hakuinua kichwa.

"Ngamia akiibwa hapa," alisema, "mnauliza redio?"

Kila mtu pale anajua kinachofanyika ngamia akiibwa. Mfuatiliaji anaifuata raad, yaani alama za miguu, mpaka inapoishia, kisha anakuja mbele ya wazee na kueleza: mguu gani, umekanyaga vipi, mnyama amebeba nini, anachechemea upande upi. Unyayo unalinganishwa na unyayo, na wazee wanaamua. Kwa siku kumi watu walikuwa wamezunguka shimo lile, na hakuna aliyefikiria kuzitendea alama zile kama raad. Ziliingia katika dini kabla hazijapita katika desturi. Mimi ndiye niliyezirusha huko.

"Basi shuka wewe," mzee mmoja alimwambia eddo.

"Sasa hivi? Jua la saa saba halionyeshi kitu. Niite saa kumi."

Saa kumi jua lilipoanza kuingia shimoni kwa ubavu, alivua viatu, akashuka. Kwa muda mrefu hakugusa chochote. Alichuchumaa karibu na kila unyayo, akasogea, akachuchumaa tena. Kisha akautoa mdomoni mswaki wake wa mti na kuanza kuchokoa pembeni mwa alama ya tatu, mahali palipokuwa pamejaa chokaa nyeupe iliyoganda. Ilitoka polepole kama ukoko wa sufuria. Akapuliza. Akalowesha kidole kwa mate na kufuta.

"Njoo," akaniita. "Wewe unajua kuhesabu."

Nilishuka. Pembeni mwa vile vidole viwili vilivyoonekana kwenye picha kulikuwa na vingine viwili, kimoja kila upande, vifupi na visivyozama sana. Nilihesabu kwa sauti. Vilikuwa vinne.

"Ngamia wa walii anaweza kuwa na vidole vinne," alisema yule mzee kutoka juu. "Kwa Mungu hakuna gumu."

"Basi huyo si ngamia," eddo akamjibu. "Na wewe unamsingizia walii kwamba alimpanda mnyama asiyemjua."

Watu walicheka kidogo, kwa tahadhari. Lakini hawakuondoka. Mwalimu wa duksi alisema kwa adabu kwamba jiwe limekaa ardhini muda mrefu, huenda limepasuka na kuongeza vidole. Halikuwa wazo la kipumbavu, na eddo hakulichukulia hivyo.

"Kesho asubuhi nitawaonyesha ngamia," akasema.

Asubuhi alikuja na ngamia jike aliyebeba mitungi miwili ya maji, maji aliyoyaleta kutoka mbali kwa matumizi ya nyumba yake. Alisafisha kipande cha udongo laini kando ya shimo, akaifungua mitungi yote miwili, akaimimina ardhini. Mtu asiyetoka nchi ile hawezi kujua sauti iliyotoka kwa watu wakati ule. Mume wa jirani alishika kichwa.

"Eddo, unamwaga uhai wa watu!"

"Namwaga wangu. Wako uko kwako, kanywe."

Aliukanda udongo kwa miguu mpaka ukawa tope zito, kisha akamwongoza ngamia kulipita taratibu, mara moja tu. Ngamia hakupenda, alikoroma, lakini alipita. Wazee wakaitwa kuangalia tope, kisha wakaitwa kuangalia jiwe, wakarudi kwenye tope. Eddo hakutoa hotuba. Aliwauliza maswali kama mwanasheria.

Vidole vya ngamia ni vingapi? Viwili. Kucha zake zimefika wapi? Zimegusa tope mbele tu, kwa ncha. Katikati ya mguu je? Pameenea kama mkate, hapakuzama, maana Mungu alimpa soli ya kutembelea mchanga. Na huyu wa jiwe? Amezama. Ukingo wa tope umeinuka pande zote. Ngamia ameweka miguu yake vipi? Karibu na mstari mmoja, hatua ndefu. Na huyu? Hatua fupi, kulia na kushoto zimeachana.

"Basi?" aliuliza yule mzee, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mguu mfupi, tumbo pana, mzito kuliko ngamia yeyote niliyewahi kumfuata. Hakuwa na haraka."

"Ni mnyama gani?"

Eddo alilitazama jiwe tena. "Simjui," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, na nilivyowaona wenzake wakitazamana, nadhani hata wao hawakuwahi. Alikuwa na watu wote mkononi. Angeweza kutaja mnyama yeyote, nao wangekubali. Mimi nilikuwa na nafasi ileile siku chache kabla, nikaitumia vibaya. Yeye alifuta mikono kwenye shuka lake, akanigeukia.

"Nyinyi wa Garissa mna mto. Ni nani anayetoka majini kuja kula nchi kavu?"

Nilikuwa najua jibu, na nilikuwa nalijua tangu mwaka uliotangulia. Nilikwenda kwenye shamba moja kando ya mto Tana kuandika habari za viboko wanaoharibu mazao. Mkulima alinipitisha kwenye njia yao, akanionyesha nyayo kwenye tope, na katika daftari langu nikaandika "vidole vinne" kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisimama juu ya unyayo wa kiboko, nikauandika, halafu nikashindwa kuutambua kwa sababu safari hii ulikuwa umetokea mahali nisipoutarajia.

Mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu kikubwa. Tulipanda mimi, abti, eddo na mwalimu wa duksi, tukabanana kama kuku. Nilimpigia yule mkulima na kuweka sauti ya juu.

"Kaka, wale viboko bado wanakuja?"

"Walikuja jana, dada. Wamekula tikitimaji kumi na mawili, hata hodi hawakupiga."

"Naomba unipigie picha ya nyayo zao kwenye tope. Weka mkono wako kando ili tujue ukubwa."

"Leo Garissa nzima imekosa habari?"

Abti alininyang'anya simu. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha ofisi ya chifu, na hukitumia bila woga. "Wewe baba, hii mnyama yako iko na fidole ngapi?"

"Vinne, mzee. Kila mguu."

"Mbele na nyuma?"

"Mbele na nyuma. Nimekimbizwa na miguu yote minne, nina uhakika."

"Sisi huku iko kiboko moja ndani ya jiwe."

"Mzee, kama ameingia kwenye jiwe, mwacheni humohumo. Na kama nafasi imebaki, nikuletee wangu."

Abti alicheka mpaka akashika bega langu asianguke kichuguuni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu nifike.

Picha zilichukua nusu saa kufika. Tulishuka nazo shimoni. Mwalimu wa duksi ndiye aliyeomba kushika simu. Aliiweka karibu na unyayo wa tatu, akatazama kioo, akatazama jiwe, akahesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akapanda juu, akaenda kwenye boma, akakifungua kitambaa kilichokuwa karibu naye na kukikunja vizuri. Wengine wakaanza kufungua vyao.

Aliyebaki na shaka ni yule mzee. "Kiboko, hapa? Labda fisi alimleta."

"Mfupa ndio hubebwa na fisi," eddo alisema. "Mafuriko pia hubeba mifupa. Raad haibebwi. Aliyekanyaga hapa alikuwa hapa, na alichokanyaga kilikuwa tope."

Wote tuliinua macho tukatazama pande zote. Ardhi ilikuwa nyekundu na nyeupe, miti ya miiba haina jani, vumbi limesimama hewani mahali mbuzi walipopita. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali kwa riziki, lakini pale sikuwa na swali. Nilikuwa nikijaribu kuona maji.

Eddo aliendelea kutusomea jiwe mpaka jua likatoka shimoni. Kulikuwa na nyufa nyembamba zilizogawanya bamba vipande vipande, kama tope la bwawa lililokauka. Alinionyesha kwamba nyufa zimekata nyayo katikati. Kwa hiyo mnyama alipita kwanza, jua likaja baadaye. Kwenye ukingo wa unyayo wa pili aliona alama tatu nyembamba zilizokutana nyuma, zile za ndege mwenye miguu mirefu, juu ya ukingo ulioinuliwa na kiboko. Niliandika kwenye daftari kwa mpangilio: kwanza tope, pili kiboko, tatu ndege, nne kiangazi. Sijawahi kuandika taarifa yenye mashahidi wa uhakika kama ile.

Lakini kisima kilikuwa bado. Jioni ile mmoja wa wachimbaji alisema jambo ambalo wengine walikuwa wakiliwaza: ikiwa palikuwa na ziwa na likakauka zama za viboko, basi maji yaliondoka pamoja nao, na chini ya bamba hili ni ukavu tu. Wiki nne zimetosha. Afadhali kuwahi nafasi mjini kabla ya wengine. Abti hakubishana naye. Alikuwa akichora mchangani kwa fimbo.

Nilirudi kichuguuni. Niliwahi kumhoji mwalimu mmoja wa jiolojia aliyeko Nairobi, mwanamke mwenye subira na watu wa redio, nikamtumia picha zote na kumweleza shida yetu. Alijibu asubuhi kwa sauti ndefu, na niliicheza wote waisikie, nikitafsiri. Alisema hivyo ni visukuku, yaani alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa katika jiwe, lakini si vya mwili. Ni vya mwenendo: nyayo, njia, mashimo ya viumbe. Alikubaliana na eddo karibu kwa kila jambo, hata ule mpangilio, na akamsifu. Eddo alisikiliza sifa hizo kama mtu anayeambiwa kwamba jua limechomoza. Kisha mwalimu akauliza: je, kuna laga karibu, mto mkavu wenye kingo zilizokatwa, ambapo matabaka ya chini yanaonekana? Huko tutafute jiwe lenye mirija, iliyotawanyika kama matawi, unene wa kidole. Hayo ni mashimo ya kaa na wadudu walioishi kwenye sakafu ya ziwa. Walichimba, wakafa, mashimo yakajaa mchanga. Jiwe linalozunguka huzuia maji, ila mirija hiyo huyapitisha.

Abti alikuwa ameshasimama. "Jiwe la vidole," alisema.

Baba yake, aliyechimba visima kabla yake, alikuwa akimwambia: ukifika jiwe la vidole, tafuta ndoo. Abti alilikuta mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili maji yalikuwapo. Hakuwahi kujua kwa nini, wala hakuwahi kujua kwamba bamba la kijivu na jiwe la vidole ni majirani.

Tulikwenda kwenye laga, mwendo wa chini ya saa moja. Ukingo wake ulikuwa umekatwa wima na mafuriko ya miaka mingi, na matabaka yalionekana kama nguo zilizokunjwa: jiwe jeupe, bamba la kijivu, udongo mgumu wa kijanikijani, na chini kabisa jiwe la manjano lililojaa vidole, vingine vimenyooka, vingine vimegawanyika mara mbili. Abti alipitisha mkono juu yake polepole. Kisha akatoa kamba yake ya kazi, akapima kutoka kwenye bamba la kijivu mpaka hapo, akafunga fundo. Ilikuwa kimo cha mtu na nusu.

"Kimo cha mtu na nusu," alimwambia yule mchimbaji aliyetaka kuondoka. "Hata wewe mvivu unakiweza."

"Mvivu nimechimba wiki nne."

"Kwa hiyo umezoea."

Lilibaki bamba lenye nyayo. Mwalimu wa Nairobi alikuwa ametuomba tusilivunje, akaahidi kuwaarifu wanaohusika na mambo hayo. Lakini kulikwepa kulimaanisha kusogeza mdomo wa kisima hatua tatu, na hizo zilikuwa siku kumi za kuchimba upya udongo na chokaa. Wachimbaji walinung'unika, na nilikuwa upande wao. Walii ameshaondolewa kwenye shauri, nilifikiri, wavunje tu wapate maji. Eddo ndiye aliyekataa.

"Shahidi akishasema kweli, mnamuua?" aliuliza.

Abti akachukua sululu, akahesabu hatua tatu, akapiga ya kwanza mwenyewe. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na tatu. Nyayo zilifunikwa kwa mchanga na mikeka ya zamani, na boma la miiba likaachwa palepale. Bibi mmoja aliendelea kuja kuswali rakaa mbili karibu na boma. Alipoambiwa ni kiboko, alisema yeye anamshukuru Mungu kwa kiboko pia.

Nilirudi Garissa, na katika habari za saa kumi nikasoma marekebisho. Nilisema nilikosea, nyayo si za ngamia bali za mnyama anayefanana na kiboko, na kwamba aliyezisoma ni mwanamke mfugaji wa makazi yale. Yalichukua muda mrefu zaidi kuliko kosa. Mhariri wangu aliuliza kama ilikuwa lazima kueleza habari za mswaki. Nilimwambia ilikuwa lazima.

Wiki ya tatu abti alituma ujumbe wa maneno mawili: tumeona vidole. Nilipanda basi usiku uleule.

Nilipofika, hawakuwa wakichimba tena. Walikuwa wakichota. Ndoo za kwanza zilikuwa tope, nazo zilimwagwa, za baadaye zilikuwa nyeupe kama maji ya mchele, na zile nilizozikuta zilikuwa safi, zenye chumvi kidogo, ladha ambayo ngamia wanaipenda kuliko sisi. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi kwa foleni, na eddo alikuwa akiilinda foleni hiyo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Abti alisisitiza nishuke. Nilifungwa kamba kiunoni, nikateremka nikipita jiwe jeupe, bamba la kijivu, udongo wa kijanikijani, mpaka miguu yangu ikaingia kwenye maji yaliyofika magotini. Kulikuwa na baridi nzuri. Ukuta wa manjano ulikuwa mbele ya uso wangu, na katika vidole vyake vilivyokatwa na sululu maji yalikuwa yakitoka, si kwa nguvu, bali kwa uzi mwembamba usiokatika, huku kimoja, kule viwili, pale kimoja tena.

"Tia chako," abti alisema kutoka juu.

Niliingiza kidole changu cha shahada katika tundu moja. Mchanga wa ndani ulikuwa laini, na kidole kiliingia mpaka kiungo cha pili, kana kwamba kiumbe kilichochimba pale kilikuwa kimenipima. Maji yalitafuta njia pembeni mwa kidole, yakateremka kwenye kiganja na kuingia ndani ya mkono wa nguo. Nilibaki hivyo kwa muda. Nilimshukuru Mungu, nikawashukuru wote waliokuwa juu yangu mmoja mmoja, na yule mkulima wa mtoni, na mwalimu wa Nairobi, na hata mchimbaji aliyetaka kuondoka na hakuondoka.

Kamba ikavutwa mara mbili.

"Inatosha," sauti ya mwalimu wa duksi ilisema. Alikuwa ameshavua viatu, na nyuma yake niliona vichwa vingine saba au vinane vikichungulia. "Panda. Wengine nao wanataka kutia vyao."

"Mimi nilikuwa mbele yako," alisema yule mzee.

"Ulikuwa kivulini. Kivuli hakishiki foleni."

Nilitoa kidole kwenye tundu ili wapate zamu, nao wakaanza kunivuta.